Ufipa: Jinsi Misukosuko ya Kisiasa na Mipaka Mipya Ilivyobadili Ardhi, Misitu na Maziwa

Mvua inayonyesha katika nyanda za juu za Ufipa, mkoani Rukwa, hugawanyika njia mbili. Maji yanayoteremka mashariki huishia katika Ziwa Rukwa, ziwa ambalo halina mto unaotoka. Yale yanayoteremka magharibi huingia Ziwa Tanganyika, na kutoka huko hupitia Mto Lukuga na Mto Kongo hadi Bahari ya Atlantiki. Mkulima anayelima pembezoni mwa Manispaa ya Sumbawanga, kwa hiyo, analima juu ya paa la mabonde mawili makubwa, na kila anachofanya shambani kwake kina athari kwa wavuvi wa maziwa mawili na kwa wakazi wa nchi nne.

Katika kipindi cha chini ya miaka 200, nyanda hizo zimepita mikononi mwa tawala mbalimbali. Zilitawaliwa na watemi wa Kifipa, zikavamiwa na Wangoni, zikatiwa ndani ya koloni la Ujerumani, zikakabidhiwa kwa Uingereza, na hatimaye zikawa sehemu ya Tanganyika huru na Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Kila badiliko la utawala lilikuja na mpaka wake, amri zake na mahitaji yake, na kila moja liliacha alama katika udongo, misitu, mifugo na maji. Makala haya yanaeleza alama hizo zilivyotokea, na sababu zinazofanya hifadhi ya mazingira ya Ufipa leo itegemee ushirikiano unaovuka mipaka ya kijiji, wilaya, mkoa na taifa.

Ardhi kati ya maziwa mawili

Nyanda za juu za Ufipa zipo kusini magharibi mwa Tanzania, kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Sehemu kubwa ya uwanda huo ipo kwenye mwinuko wa mita 1,500 hadi 2,000 kutoka usawa wa bahari, na vilele vya Milima ya Mbizi huzidi kiwango hicho. Maziwa yenyewe yapo chini sana: Ziwa Rukwa lipo kwenye mwinuko wa takriban mita 800 na Ziwa Tanganyika takriban mita 770. Tofauti hiyo ya urefu katika eneo dogo ndiyo inayozaa miteremko mikali, vijito vya kasi na hatari kubwa ya mmomonyoko wa udongo pale uoto unapoondolewa.

Kiutawala, eneo hilo lina Manispaa ya Sumbawanga, Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga, Wilaya ya Nkasi yenye makao makuu Namanyere na Wilaya ya Kalambo yenye makao makuu Matai. Wafipa ndio wenyeji wengi wa uwanda wa juu, wakati Walungu na Wamambwe wanaishi upande wa kusini, katika ardhi inayoendelea hadi ndani ya Zambia.

Mgeni anayefika Sumbawanga kwa mara ya kwanza huona nyasi nyingi na miti michache. Sehemu ya hali hiyo inatokana na baridi na upepo wa mwinuko, lakini wataalamu wameihusisha pia na karne nyingi za kilimo, moto na ukataji wa miti kwa ajili ya mkaa. Misitu iliyobaki ipo zaidi kwenye miteremko, ambako miombo imeenea, na katika Milima ya Mbizi, ambako msitu wa mlimani unahifadhi mbega wekundu waliotengwa na wenzao wa maeneo mengine. Msitu huo pia ni chanzo cha vijito vinavyotegemewa na mji wa Sumbawanga na vijiji jirani.

Hali ilivyokuwa kabla ya mipaka ya kikoloni

Simulizi za Wafipa zinaitaja Milansi kuwa kitovu cha kale cha utawala wao. Baadaye ukoo mwingine, unaojulikana kwa jina la Watwa, ulichukua madaraka, na Ufipa ikagawanyika katika himaya mbili: Nkansi na Lyangalile. Mtawala aliitwa mwene. Mtafiti Roy Willis, aliyeandika kwa kina kuhusu jamii hiyo katika nusu ya pili ya karne ya 20, alionyesha kuwa Wafipa waliishi katika vijiji vikubwa vilivyokusanyika pamoja, na kwamba imani zao ziliyahusisha maeneo fulani ya asili, kama vile miamba, miti na mabwawa, na mizimu ya ardhi iliyopaswa kuheshimiwa.

Kilimo chao kilitumia nyasi badala ya miti. Kuelekea mwisho wa mvua, wakulima walikata na kupindua nyasi pamoja na udongo wake, wakazifukia ndani ya vilima vya mviringo vinavyoitwa ntumba. Nyasi zilioza ndani ya vilima hivyo na kuwa mboji, huku maharage na mazao mengine yakipandwa juu yake. Msimu uliofuata vilima vilisambazwa, na ulezi ukapandwa katika udongo uliorutubika. Mfumo huo uliwezesha eneo lenye miti michache kulisha watu wengi bila kuhamahama kila baada ya miaka michache.

Miti, kwa upande wake, ilitumika katika kazi nyingine kubwa ya Ufipa, yaani kuyeyusha chuma. Mafundi walijenga matanuru marefu ya udongo, yanayoitwa malungu, yaliyovuta hewa yenyewe bila mivukuto. Chuma ghafi kilichotoka humo kilisafishwa katika tanuru la pili, dogo, kisha kikafuliwa kuwa majembe, mashoka na mikuki. Kazi hiyo ilihitaji mkaa mwingi wa miti migumu, na mabaki ya matanuru yanayoonekana katika sehemu mbalimbali za uwanda ni ushahidi wa jinsi sekta hiyo ilivyoenea.

Uzoefu wa binadamu na miti katika eneo hili ni wa kale zaidi ya historia ya dola yoyote. Katika Maporomoko ya Kalambo, yanayoanguka kwa zaidi ya mita 200 kwenye mpaka wa Tanzania na Zambia, wanaakiolojia wamechimba tangu miaka ya 1950. Mwaka 2023 watafiti walitangaza kuwa magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa, yaliyopatikana juu kidogo ya maporomoko hayo, yana umri wa angalau miaka 476,000.

Msukosuko mkubwa wa kwanza unaofahamika vizuri ulikuja katika miaka ya 1840, pale Wangoni chini ya Zwangendaba walipofika Ufipa wakitokea kusini. Kiongozi huyo alifariki akiwa Ufipa mwishoni mwa muongo huo, na wafuasi wake wakatawanyika kuelekea pande mbalimbali, zikiwemo nchi za Unyamwezi, Songea na Malawi ya leo. Uvamizi huo, pamoja na misafara ya watumwa na pembe za ndovu iliyofuata, uliwafanya watu wa ukanda wa kati ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika wakusanyike katika vijiji vilivyozungushiwa maboma. Ardhi ya karibu na boma ililimwa mfululizo, na ya mbali ikaachwa kuwa pori. Tembo waliokuwa wakiwindwa kwa ajili ya pembe walipungua. Kwa hiyo hata kabla ya mkoloni kuchora mpaka wowote, hofu ya vita ilikuwa imeshaanza kuamua mahali ambapo msitu ungefyekwa na mahali ambapo ungerudi.

Sotoka na mstari wa mwaka 1890

Mambo mawili yalitokea karibu kwa wakati mmoja na kubadili kabisa mwelekeo wa mazingira ya Ufipa.

La kwanza ni ugonjwa wa sotoka. Ugonjwa huo wa ng'ombe uliingia Afrika Mashariki kutokea kaskazini kuanzia mwaka 1890, na katika muda mfupi ulifika nyanda za kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Nyasa. Uliua ng'ombe pamoja na wanyamapori wa jamii yao, wakiwemo nyati. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu udhibiti wa mazingira nchini Tanganyika, alieleza kuwa kufa kwa mifugo, kukichanganyika na njaa, magonjwa na vita vya kikoloni, kulivunja uwezo wa jamii za wenyeji kudhibiti pori. Malisho yaliyokosa ng'ombe yaligeuka vichaka, na vichaka vikawa makazi ya mbung'o, inzi anayeeneza malale kwa binadamu na nagana kwa mifugo.

La pili ni mpaka. Tarehe 1 Julai, 1890 Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliogawanya maeneo ya Afrika Mashariki kati yao. Kwa upande wa kusini magharibi, mpaka ulielezwa kuwa unafuata Mto Songwe kutoka Ziwa Nyasa, kisha mstari wa mgawanyo wa maji wa bonde la Kongo, na hatimaye Mto Kalambo hadi unapoingia Ziwa Tanganyika. Tume ya pamoja ya nchi hizo mbili ilipima mpaka huo mwaka 1898, na makubaliano ya mwisho yakafikiwa mwaka 1901.

Waliouandika mkataba huo walitumia mito na miinuko kwa kuwa ni alama rahisi kuonekana kwenye ramani. Hata hivyo, kwa wakazi wa eneo hilo mto haukuwa mwisho wa nchi. Walungu na Wamambwe walilima, walichunga na kuoa pande zote mbili za Kalambo. Baada ya mkataba, kijiji kimoja kilijikuta chini ya Kampuni ya Uingereza ya Afrika Kusini, yenye kituo chake Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala. Kijiji jirani kilikuwa chini ya Ujerumani, iliyoweka makao ya wilaya katika ngome ya Bismarckburg, ambayo leo ni Kasanga. Ng'ambo ya ziwa ilikuwa Dola Huru ya Kongo. Bonde moja la maji likawa chini ya sheria tatu tofauti za misitu, uwindaji, kodi na mifugo.

Vita, kodi na pori linalosonga mbele

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni ya Ujerumani ilitoa amri ya kuhifadhi misitu, iliyoanzisha utaratibu wa kutenga misitu ya hifadhi chini ya dola. Ardhi iliyokuwa ikisimamiwa na mwene na wazee wa kijiji ilianza kusimamiwa kutoka ofisini. Wakati huohuo majembe ya viwandani kutoka Ulaya yalianza kuchukua nafasi ya majembe ya malungu, na ufuaji chuma ukafifia hadi kukoma katika karne ya 20. Miti ilipata nafuu kwa upande huo, lakini maarifa ya kuchagua miti ya mkaa, kuikata kwa kiasi na kuiacha ichipue yalipotea pamoja na mafundi wake.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilileta majeshi katika mpaka huo. Majeshi ya Uingereza yaliiteka Bismarckburg mwaka 1916, na ilikuwa Abercorn, ng'ambo ya mpaka, ambako Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck alisalimisha majeshi yake tarehe 25 Novemba, 1918. Kati ya matukio hayo mawili, vijana wengi wa Afrika Mashariki walichukuliwa kuwa wapagazi, na nafaka na mifugo vilitwaliwa kulisha majeshi. Vita vilipomalizika, homa ya mafua iliyoenea duniani kote iliongeza vifo. Mashamba yaliyokosa wakulima yalirudi kuwa pori, na pori likawa karibu zaidi na makazi.

Chini ya utawala wa Uingereza, malale yaliendelea kuwa tishio magharibi mwa Tanganyika. Kuanzia miaka ya 1920 serikali iliwahamisha wakazi wa maeneo yenye mbung'o na kuwakusanya katika makazi makubwa ili kufyeka vichaka kwa pamoja na kurahisisha matibabu. Hatua hiyo iliokoa maisha. Pamoja na hayo, iliacha maeneo mapana bila watu, na katika nchi nzima maeneo mengi ya namna hiyo baadaye yalitengwa kuwa mapori ya akiba na hifadhi za wanyamapori. Hivyo baadhi ya mapori yanayoonekana leo kuwa ya asili tangu zamani yaliwahi kuwa na mashamba na makaburi ya watu.

Kodi nayo ilikuwa na mchango wake. Wanaume wa Ufipa walisafiri kwenda kufanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na wale wa kusini walivuka mpaka kuelekea migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Mtafiti William Watson, katika kitabu chake cha mwaka 1958 kuhusu Wamambwe, alieleza kuwa kilimo cha matuta ya nyasi kiliweza kuendelea hata wanaume walipokuwa mbali, kwa kuwa hakikutegemea kupanda miti na kukata matawi kama kilivyo kilimo cha citemene cha majirani zao Wabemba. Wanawake ndio waliobeba mzigo wa kuutunza udongo huo katika miongo hiyo yote.

Nzige waliofundisha ushirikiano

Funzo kubwa kuhusu mipaka lilitoka katika Bonde la Rukwa. Kina na ukubwa wa Ziwa Rukwa hubadilika sana kati ya kipindi kimoja na kingine. Maji yanapopungua, huacha mbuga pana za nyasi, na mbuga hizo ni mojawapo ya mazalia makuu ya nzige wekundu. Kati ya mwaka 1930 na 1944 makundi ya nzige hao yaliruka na kuharibu mazao katika sehemu kubwa ya Afrika iliyo kusini mwa ikweta. Uchunguzi ulibaini kuwa chanzo chao kilikuwa katika maeneo machache, yakiwemo mabonde ya Rukwa nchini Tanganyika na Mweru wa Ntipa huko Rhodesia ya Kaskazini.

Ilikuwa wazi kuwa hakuna serikali moja ambayo ingeweza kujilinda peke yake, kwa kuwa mdudu aliyezaliwa Rukwa angeweza kula mtama wa nchi iliyo mbali maelfu ya kilomita. Mwaka 1949 ilianzishwa huduma ya kimataifa ya kudhibiti nzige wekundu, yenye makao yake Abercorn. Baada ya nchi za eneo hilo kupata uhuru, jukumu hilo lilirithiwa na Shirika la Kimataifa la Kudhibiti Nzige Wekundu la Afrika ya Kati na Kusini, lenye makao makuu Ndola, Zambia, ambalo Tanzania ni mwanachama wake. Mwaka 2009, makundi yalipoanza kuongezeka tena nchini, kampeni iliyoungwa mkono na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) ilitumia kiuatilifu cha kibaiolojia kinachotokana na kuvu katika maeneo ya Iku-Katavi, Ziwa Rukwa na bonde la Malagarasi, na mlipuko ukazuiwa kabla haujasambaa.

Uhuru, vijiji na mahindi

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba, 1961, na Zambia tarehe 24 Oktoba, 1964. Mpaka wa mwaka 1890 ukawa mpaka wa mataifa mawili rafiki. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa kisheria nchini Tanganyika, na mamlaka ya mwisho ya waene juu ya ardhi na maeneo ya matambiko yakakoma. Usimamizi ulihamia kwa halmashauri na serikali za vijiji. Mwaka 1974 ulianzishwa Mkoa wa Rukwa, ukijumuisha Sumbawanga, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya, na Mpanda, iliyokuwa sehemu ya Mkoa wa Tabora.

Katika miaka hiyohiyo Operesheni Vijiji iliwahamishia wananchi wa vijijini nchi nzima katika vijiji vya maendeleo. Shule, zahanati na maji vilisogezwa karibu na watu. Kwa upande wa mazingira, Profesa Idris Kikula katika utafiti wake kuhusu sera hiyo, uliochapishwa mwaka 1997, alionyesha namna mkusanyiko wa watu ulivyoongeza shinikizo kwa udongo na miti ya karibu na makazi. Kwa Wafipa, waliokuwa na mazoea ya kuishi katika vijiji vikubwa, mabadiliko makubwa yalikuwa katika namna ya kulima. Serikali ilipoweka bei moja ya mahindi kwa nchi nzima katika miaka ya 1970, mikoa ya pembezoni ilipata nafasi ya kuuza nafaka yake bila kuadhibiwa na umbali. Rukwa, pamoja na Iringa, Mbeya na Ruvuma, ikawa miongoni mwa mikoa minne inayotegemewa kwa mahindi ya taifa.

Plau ya ng'ombe na mbolea ya viwandani vilichukua nafasi ya ntumba katika mashamba mengi. Uzalishaji uliongezeka, na sifa ya Rukwa kuwa ghala la chakula ikathibitika. Ruzuku ya mbolea ilipoondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990 kutokana na mageuzi ya uchumi, mkulima asiye na uwezo wa kununua mbolea alibaki na udongo uliozoea kulishwa kutoka nje. Wengi walipanua mashamba kuelekea miteremko na mabonde ili kufidia upungufu. Hapo ndipo uamuzi wa kiuchumi uliofanywa mbali na Sumbawanga ulipoonekana katika maji ya mito yaliyojaa tope.

Misukosuko ya nchi jirani nayo ilifika Rukwa. Kufuatia mauaji ya mwaka 1972 nchini Burundi, wakimbizi walipokelewa katika makazi ya Katumba na Mishamo, wilayani Mpanda, na Ulyankulu mkoani Tabora. Walipewa ardhi ya miombo, wakaifyeka na kuigeuza kuwa mashamba yaliyozalisha chakula na tumbaku. Tanzania ilitangaza kuwapa uraia takriban watu 162,000 wa kundi hilo mwaka 2010. Msitu uliokuwa na mbung'o na watu wachache uligeuka, ndani ya kizazi kimoja, kuwa eneo la makazi ya kudumu, na historia yake haiwezi kutenganishwa na siasa za nchi iliyo upande mwingine wa mpaka.

Mipaka ya ndani na rasilimali za pamoja

Mgawanyo wa maeneo ya utawala umeendelea kwa lengo la kusogeza huduma kwa wananchi. Mwaka 2012 Mkoa wa Katavi ulianzishwa kutoka Rukwa, na mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ukaanzishwa kutoka Mbeya. Matokeo yake ni kwamba bonde la Ziwa Rukwa, ambalo maji yake hayatoki nje, sasa linahusu mikoa kadhaa yenye mipango, bajeti na vipaumbele vyake. Ni kwa sababu hiyo usimamizi wa maji nchini hufuata mabonde. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji Na. 11 ya mwaka 2009 inaweka bodi za maji za mabonde, na nyanda za Ufipa zinahudumiwa na mbili kati yake: Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Rukwa na Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Tanganyika.

Shinikizo la watu nalo limeongezeka. Kwa mujibu wa Sensa ya Watu na Makazi, Mkoa wa Rukwa ulikuwa na watu zaidi ya milioni moja mwaka 2012, na zaidi ya milioni 1.5 mwaka 2022. Idadi hiyo inahitaji kuni, mkaa, ardhi ya kulima na samaki kutoka katika eneo lilelile.

Katika Ziwa Tanganyika, mipaka iliyochorwa na wakoloni imegawa maji kati ya nchi nne: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo yenye takriban asilimia 45, Tanzania asilimia 41, Burundi asilimia 8 na Zambia asilimia 6. Dagaa na migebuka huhama bila kujali mgawanyo huo. Nchi hizo zilitia saini Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika jijini Dar es Salaam tarehe 12 Juni, 2003, na Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura ikaanzishwa kuutekeleza. Kutokana na makubaliano ya nchi hizo, mwaka 2024 Tanzania ilisitisha shughuli za uvuvi katika ziwa hilo kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili kuruhusu samaki kuzaliana. Kwa mvuvi wa Kasanga, Kipili au Kirando, miezi mitatu bila kipato ni gharama ya kweli. Gharama hiyo huleta faida pale tu mvuvi wa Mpulungu na wa Kalemie anapopumzisha nyavu zake wakati huohuo.

Misitu ya mpakani ina mtihani unaofanana. Mti unaojulikana kwa jina la mkurungu nchini Tanzania na mukula nchini Zambia umevunwa kwa kasi kutokana na soko la nje ya Afrika. Mwaka 2019 aina hiyo iliingizwa katika orodha ya mimea inayodhibitiwa na Mkataba wa Kimataifa wa Biashara ya Spishi zilizo Hatarini Kutoweka (CITES). Upande mmoja wa mpaka unapokaza udhibiti na mwingine ukalegeza, gogo hutafuta njia ya kupita palipolegea. Maporomoko ya Kalambo, ambayo kwa upande wa Tanzania yanasimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS), yana sura mbili za aina hiyo: uzuri wa korongo lake hutegemea maji, na maji hayo hutiririka katika mto ambao kila nchi inamiliki ukingo mmoja.

Wajibu wa mwananchi na wa taasisi

Historia ya Ufipa inaonyesha kuwa uharibifu mkubwa ulitokea kila wakati usimamizi wa ardhi ulipotenganishwa na watu wanaoitumia, au pale eneo moja la asili lilipogawanywa bila utaratibu wa pamoja. Inaonyesha pia kuwa urejeshaji unawezekana, kama ilivyothibitika katika udhibiti wa nzige wekundu.

Sheria za sasa zinampa mwananchi nafasi ya moja kwa moja. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi ya kijiji, chini ya uangalizi wa mkutano mkuu wa kijiji. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inaruhusu vijiji kutenga na kumiliki misitu yao ya hifadhi, na kushirikiana na Serikali kusimamia misitu ya taifa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mito na maziwa. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 inaweka utaratibu wa vijiji, vikiwemo vinavyopakana, kupanga kwa pamoja maeneo ya kilimo, malisho, makazi na misitu.

Kwa wakazi wa Sumbawanga, Nkasi na Kalambo, utekelezaji wa sheria hizo una maana inayoonekana nyumbani: kisima kisichokauka kiangazi, dagaa sokoni baada ya msimu wa mapumziko, na shamba ambalo udongo wake haujasombwa hadi ziwani. Maarifa ya ntumba, yaliyowalisha wazazi na mababu bila mbolea ya dukani, bado yapo kwa wazee wa vijiji vya uwanda wa juu, na maofisa ugani pamoja na vijana wana nafasi ya kuyachukua na kuyaunganisha na mbinu za sasa.

Mipaka iliyowekwa mwaka 1890 na ile iliyofuata itaendelea kuwepo kwa ajili ya utawala na huduma. Mvua ya Ufipa nayo itaendelea kugawanyika kuelekea maziwa mawili kama ilivyokuwa kabla ya mipaka hiyo, na wote wanaoishi chini yake, wa upande huu na wa upande ule, wanatumia maji yaleyale.